Spika ya Mzee Radi Ilivyovuka Hadi Kisumu Ndogo

Kutoka Kawangware

Kwi-ii, kwa. Kwi-ii, kwa. Hivyo ndivyo gurudumu la mkokoteni wa Kamaa lilivyolia kutoka mlangoni kwa ploti yetu asubuhi ile ya Jumamosi. Mpaka sasa mlango wowote ukilia vibaya nageuka kuangalia nyuma, nikidhani Kamaa yuko hapo anatukana mawe.

Mmeniuliza sana, nyinyi wa mferejini na nyinyi wa pale kwa cherehani: mtu anatokaje Kawangware kwenda Kibera, hapo tu, halafu arudi siku ya tatu nguo zikiwa na tope mpaka kolani na sauti imekauka? Mama Shiru amesema hata Mombasa si mbali hivyo. Sawa. Kaeni niwaambie, lakini msinikatize, kwa sababu mambo yenyewe yalijikatiza vya kutosha.

Wengi wenu mnamjua Mzee Radi kama fundi wa stovu, yule wa chumba cha mwisho karibu na choo, anayevaa viatu vya soli nene hata akienda kununua maziwa. Jina lake la nyumbani ni Wafula. Hilo la Radi alipewa na watu wa vilabu vya mjini, zamani, uhuru ukiwa bado mpya na vijana wanafuga nywele kama kichaka. Alipiga gitaa la roki. Si benga, si rumba. Roki, ile ya kelele, ambayo wazazi walikuwa wanasema itawaletea watoto kifafa.

Sasa Njuguna, mtoto wa landlodi wetu, amerudi kutoka kusomea mambo ya filamu, na akaamua filamu yake ya kwanza iwe ya Mzee Radi. Si ya mashindano wala ya sifa. Ya Mzee mwenyewe: anavyoamka, anavyopuliza chai, anavyokata kucha za mkono wa kushoto na kuziacha za kulia zirefuke kwa ajili ya nyuzi. Njuguna alikuwa na kamera ya kuazima na mashine ya kurekodi sauti, ile ya mkanda, inayoning'inia begani kama mtoto mzito. Akatafuta mtu wa kuibeba. Vijana wa ploti waliona ni kazi ya mzigo. Mimi nilifika darasa la saba nikaja kushona vifungo, lakini mnanijua, kichwa changu hakikai chini. Niliinua mkono kabla hajamaliza kuuliza.

Jumapili Mzee Radi alikuwa anapanda treni kurudi kwao magharibi, kurudi kabisa. Mama yake amezeeka na shamba limekuwa msitu. Alikuwa na haja moja tu kabla hajaondoka: apige wimbo mmoja na Odipo.

Odipo ndiye aliyempigia ngoma miaka yote ya vilabu. Hawakugombana. Odipo aliokoka tu, akawa shemasi katika kanisa la mavazi meupe huko Kisumu Ndogo, Kibera, na sahani za shaba za ngoma zake akazigeuza kengele ya Sunday school. Mzee alikuwa amemtumia salamu mara nyingi. Jibu lilikuwa lilelile: "Mwambieni Radi nampenda, lakini mikono hii siku hizi inampigia Mungu peke yake."

"Hayo ni maneno ya mdomo," Mzee akatuambia. "Mikono ya Odipo naijua mimi. Ikisikia spika yangu, itamkana mwenyewe."

Basi spika lazima iende. Na hapo ndipo shida ilipoanza, ila hatukujua.

Sanduku la zamani la spika lililiwa na mchwa, kwa hivyo Mzee alikuwa amempa kazi fundi wa mbao wa pale barabarani. Mnajua kazi ya yule fundi. Anatengeneza majeneza. Ni fundi mzuri sana, lakini mkono wake unajua umbo moja. Akatengeneza sanduku refu, pana kifuani, jembamba miguuni, akalipiga vanishi mpaka likang'aa, akaweka na mishikio ya shaba kila upande. Mzee alilipenda. "Sauti inataka mbao nzito," akasema, akiligonga kama tikiti maji.

Kamaa alipoliona alishika kiuno. "Buda, mi sibebi maiti. Hata chai sijakunywa."

"Ni spika."

"Spika ya kushikwa na watu sita?"

"Kamaa, sukuma."

Tukalifunika kwa shuka nyeupe kwa sababu ya vumbi, gitaa na betri ya lori ya kuwashia spika tukaviweka pembeni. Mzee akavaa suti yake nyeusi ya jukwaani. Mimi nikafunga kitambaa cheusi kichwani, maana ndicho kilikuwa safi. Njuguna akarudi nyuma, akafumba jicho moja, akasema picha imetulia vizuri. Wote wanne tulikuwa na macho, na hakuna hata mmoja aliyeona.

Barabara ya Ngong

Tulipofika lami, mtu wa baiskeli alishuka akasimama pembeni. Nikaona ni heshima ya kawaida, tuna mzigo. Mbele kidogo wazee wawili waliokuwa wanabishana waliacha, wakavua kofia. Kisha mama mmoja aliyekuwa na ndizi kichwani akazishusha chini, mzigo wote ule, akainamisha kichwa tukapita.

"Mzee," nikamwambia, "wanakukumbuka!"

Alikuwa anatembea nyuma ya mkokoteni, viatu vinagonga ko, ko, ko, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikukielewa wakati ule. "Ehe," akasema. "Nairobi ina adabu siku hizi."

Kwa njia panda kulikuwa na polisi wa trafiki. Tukajua hapo tutakwama. Kamaa akaanza kutayarisha uongo. Lakini yule polisi alipotuona aliinua mkono, akasimamisha magari ya pande zote, malori, basi, hata Benzi moja jeusi, halafu akakaza miguu na kumpigia Mzee Radi saluti.

Kamaa alivuka akitabasamu kama mtu wa serikali. "Maze, sijawahi kupitishwa hivi tangu nizaliwe! Kumbe nabeba staa!"

Njuguna alikuwa anapiga picha kila kitu. "Hii filamu itakuwa moto," akawa anasema. "Jiji linamkumbuka mwanamuziki wake. Nekesa, umeshika hiyo sauti?"

"Nimeshika."

Na mimi nilikuwa na furaha mpaka nikatamani kulia. Fikirini: mtu anatengeneza stovu miaka na miaka, mnampita kwa choo hamumsalimii, kumbe mji mzima unamhifadhi moyoni. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nawaza, na gurudumu kwi-ii, kwa, kwi-ii, kwa, mpaka tukakaribia Soko la Toi, ambapo lilisema kwi-ii mara moja, kwa nguvu, na likanyamaza.

Lilikuwa limevunjika vipande.

Soko la Toi

Kamaa alikaa chini na kulitazama gurudumu lake kama mtu aliyefiwa. Kisha akaenda kutafuta lingine kwa mafundi wa sokoni, na mkokoteni ukabaki umeinama mbele ya vibanda vya mitumba, sanduku juu yake, shuka ikipepea.

Tukanunua chai na viazi vya kukaanga, vile vya moto vinavyochoma ulimi na bado huachi. Mzee akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na Njuguna akaona huo ndio wakati wa kumhoji. Alikuwa ameandaa maswali ya kisomi.

"Mzee, kwa nini roki? Ulikuwa unataka kusema nini kwa taifa changa?"

Mzee akatafuna kiazi mpaka kikaisha. "Nilikuwa kijana, nafanya kazi ya bustani kwa Mzungu. Siku moja napita duka la redio, nasikia gitaa ndani linalia kama limekanyagwa na ng'ombe. Nikaingia nikamwambia mwenye duka, redio yako imeungua, tafadhali usiitengeneze. Kesho yake nikarudi. Na kesho yake tena."

"Lakini kuna kitu ulikuwa unapinga, ama?"

"Nilikuwa napinga kulala mapema."

Nilicheka mpaka sindano ya mashine ikaruka. Njuguna akanikazia macho, halafu naye akacheka.

Mzee akagusa sikio lake la kushoto. "Hili halifanyi kazi, mnajua? Alilichukua Odipo. Jukwaani nilikuwa nasimama hapa, na sahani zake za shaba ziko hapa, karibu kama wewe na hicho kikombe. Kila Ijumaa, kila Jumamosi. Watu walikuwa wananiambia sogea. Ningesogea niende wapi? Ukiwa mbali na Odipo hujui wimbo unaenda wapi."

Alisema hivyo bila huzuni yoyote, kama mtu anayekuonyesha kovu la mpira. Akaenda kuongeza chai.

Alipokuwa huko ndipo alipokuja mama mmoja mnene, muuza makoti, na nyuma yake wengine kama watano. Walisimama mbali kidogo na mkokoteni. Yule mama akamsogelea Njuguna, akaelekeza midomo upande wa sanduku, akauliza polepole, "Ni nani huyo, kijana?"

Njuguna, na filamu yake kichwani, akadhani anaulizwa habari za staa wake. Akapanua kifua. "Ni Radi, mama! Radi wa gitaa, yule wa zamani!"

"Radi? Uuuwi!" Mama akashika kichwa. "Radi wa viatu virefu? Nilimcheza mimi nikiwa msichana! Na tunampeleka wapi?"

"Kisumu Ndogo, kwa Odipo. Halafu kesho treni."

"Kesho treni," mama akawaambia wenzake, na wote wakatikisa vichwa, na mmoja akaanza kuimba wimbo wa kanisani, chini chini, wale wengine wakaingia.

Nikatazama shuka nyeupe. Nikatazama mishikio ya shaba. Nikagusa kitambaa changu cheusi kichwani. Jamani! Yule wa baiskeli, wale wazee wa kofia, mama wa ndizi, polisi na saluti yake. Hawakuwa wanamkumbuka Mzee Radi. Walikuwa wanaheshimu maiti, kama mtu yeyote mwenye malezi.

Mzee akarudi na kikombe chake. Yule mama akamshika mkono kwa mikono miwili. "Pole sana, mzee wangu. Wewe ni ndugu yake? Mmefanana, ila yeye alikuwa mrefu."

"Asante, mama," Mzee akasema, na akainama.

Nikaumia. Nikajiambia, hakusikia, alisemeshwa upande wa sikio bovu. Atakapojua, itakuwaje? Mtu ametembea kutoka Kawangware akiamini anapendwa. Nikanyamaza, na kunyamaza, mnanijua, si kazi yangu.

Mashimoni

Kamaa alirudi na gurudumu la toroli, dogo kuliko lile lingine, kwa hivyo tuliondoka Toi tukichechemea. Lakini hatukuwa wanne tena. Kila kona walikuwa wanaongezeka. Nyinyi mnajua watu wetu wa magharibi: maiti inayosubiri kupelekwa nyumbani haipiti peke yake. Mtu anaacha karai lake la mahindi, anaunga msafara, anauliza jina la marehemu baadaye. Wakaweka vitu kwa mkokoteni bila kutuuliza: sukari, majani ya chai, unga wa ugali, mafuta ya taa, kuku mmoja aliyefungwa miguu ambaye alikaa juu ya betri yetu ya lori akitazama kila kitu.

Mvua ikanyesha kidogo, ile ya kuharibu njia tu. Mashimoni penyewe, ndani ya Kibera, mnapajua, ukuta huu na ukuta ule unaweza kuzigusa kwa viwiko. Mkokoteni ukakwama. Na kabla Kamaa hajatukana mtu, wanaume walikuwa wameshavua makoti, wakashika ile mishikio ya shaba, mmoja mmoja mahali pake, wakainua spika ya Mzee Radi juu ya mabega na kuondoka nayo. Fundi wetu angewaona angefurahi. Ilishikika vizuri kabisa.

"Marehemu alikuwa mzito," mmoja akasema kwa adabu.

"Ni sumaku!" nikapaza sauti. Sikuweza tena. "Jamani, hakuna marehemu! Si mtu, ni spika! Spika ya muziki!"

Mwenye kioski cha maji akatoka, akanishika kichwa akakiegemeza kifuani kwake. "Lia tu, mwanangu. Mimi wakati wa baba yangu nilikuwa nasema amelala." Akanipa maji ya kunywa na akakataa katakata shukrani zangu.

Nikamkimbilia Njuguna. Alikuwa amepanda juu ya jiwe, kamera inanguruma. "Njuguna, wanadhani ni maiti!"

"Najua. Nimejua saa hii." Macho yalikuwa yamemtoka. "Lakini angalia, Nekesa. Angalia!"

Nikaona huyu hanisaidii. Nikampitia Mzee upande wa sikio zima, nikamshika mkono wa suti. "Mzee, samahani. Hawa watu… hawakukumbuki vile tulidhani. Wanafikiri umekufa. Hata yule polisi."

Mzee Radi aliendelea kutembea. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikajua nimemliza. Nikamtazama usoni: alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, amejiziba mdomo asisikike.

"Nilijua tangu kwa yule polisi," akasema. "Msichana wangu, polisi hawajawahi kunipigia saluti. Walikuwa wananikamata kwa sababu ya nywele."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Sikiliza wanavyoimba." Akainua sikio lake zima. "Mambo kama haya mtu hayaoni kila siku. Yule mama wa makoti aliwahi kunicheza. Alisema mwenyewe."

Halafu akasimama ghafla. Uso ukabadilika.

"Odipo," akasema. "Habari kama hii ina miguu. Itakuwa imemfika. Yule ana moyo mwepesi, Nekesa, na pumzi yake si nzuri. Mimi nimekuja kumwomba wimbo, sikuja kumuua. Kimbia. Kimbia umwambie niko hai."

Kisumu Ndogo

Nilikimbia na mashine begani, maikrofoni ikinipiga magoti. Nilipita chini ya kamba za nguo, nikaruka karai la dagaa wa omena waliokuwa wanaanikwa, nikakanyaga mtaro, hilo ndilo tope mliloniona nalo. Kila mtu niliyemuuliza nyumba ya Shemasi Odipo aliniambia, "Fuata ngoma."

Kwa kweli ilikuwa inasikika. Dum. Dum. Kimya kirefu, halafu dum. Ngoma kubwa ya kanisa, inapigwa polepole, ya matanga.

Uani nilimkuta mzee mwembamba wa kanzu nyeupe ameketi kwa kiti kifupi, ngoma kati ya magoti, macho amefunga, machozi yanaanguka juu ya ngozi ya ngoma. Watu wamejaa pembeni, wenye kanzu na wasio na kanzu. Mkewe, Mama Akelo, alikuwa amejifunga leso kiunoni na ameanza kuwasha moto wa wageni.

Nikapiga magoti mbele yake. "Baba, usilie! Radi hajafa!"

Hakufungua macho. Dum. "Kweli, mwanangu," akasema. "Hakuna anayekufa akiwa na Bwana."

"Hapana, baba, hajafa kabisa! Anakuja, yuko njiani!"

"Amina," watu wote wakasema.

"Anatembea kwa miguu!"

"Amina!"

Nikamgeukia Mama Akelo. Naye akanipa mwiko. "Pole, sista. Shika hii, koroga hapo, itakusaidia."

Jamani, nilikoroga. Ningefanya nini? Nikawasha tu mashine, maana hiyo nilijua namna ya kuiwasha, nikaegemeza maikrofoni kwa kiti cha Odipo, nikakoroga uji wa matanga ya mtu mzima.

Sanduku likaingia likiwa juu ya mabega, na nyimbo nyuma yake, na watu wakapasuka vilio. Wakaliweka chini katikati ya uwanja. Odipo hakuangalia. Aliongeza tu nguvu, dum, dum, kichwa amekiinamisha. Nyuma ya watu nikamwona Mzee Radi na Kamaa wameinama juu ya betri ya lori, wanaunga nyaya, kuku amewekwa kando. Mzee alikuwa ametega sikio lake zima. Nilimsikia akimwambia Kamaa, "Bado anachelewesha lile pigo la mwisho. Nilimgombeza miaka yote. Asante Mungu hakunisikia."

Kisha sanduku likanguruma.

Sijui niwaelezeje. Unajua ngurumo ile ambayo spika inatoa kabla hata gitaa halijaguswa, mmm, kama paka mkubwa? Jeneza lilinguruma hivyo, chini ya shuka nyeupe. Waliokuwa karibu nalo hawakungoja maelezo. Mmoja aliacha ndala zake zimekaa sawasawa, kama za mtu anayeingia kulala. Halafu gitaa likapasua, lile la redio iliyoungua, likapanda juu ya mapaa ya mabati, na Mzee Radi akatoka kati ya watu na suti yake nyeusi, vidole vinakimbia.

Odipo hakuacha kupiga. Hilo ndilo nataka mlijue. Macho yalikuwa bado yamefungwa, lakini mikono ilibadilika. Ile ngoma ya matanga ilijikuna, ikajivuta, ikaamka, na kwa ghafla ilikuwa inakimbia pembeni ya gitaa kama mbwa pembeni ya mwenyewe. Ndipo akafungua macho. Akamwona.

"Radi!" akapiga kelele, na mikono haikusimama. "Hata ukifa unaanza bila kunisubiri!"

"Nimekusubiri miaka yote, shemasi! Shika!"

Na Mzee akasogea. Nilimwona kwa macho yangu. Alivuka mbele ya Odipo, akasimama upande ule mwingine, sikio lake zima likiwa juu ya ngoma kabisa, karibu kama mimi na hiki kikombe. Watu walikuwa wanalia na wanacheka na wanacheza, yule mama wa makoti kutoka Toi alikuwa ameinua sketi mpaka magotini na anazunguka, Kamaa anacheza na kuku. Mwiko niliutupa. Na mimi pia, msiniulize.

Njuguna alikuwa amesimama katikati yao na kamera yake machoni, mdomo wazi. Baadaye tu alituambia: filamu ilimwishia Mashimoni. Kamera ilikuwa inanguruma tupu. Wimbo wenyewe, kitu ambacho Mzee alikijia, uko kwa mkanda wangu peke yake.

Ulipoisha, Mama Akelo alimfuata Mzee Radi moja kwa moja akampiga na kitambaa cha jikoni, pa, pa, mgongoni. "Umenilizaje hivi, wewe! Nimekulilia hata yale mabaya yako!" Halafu akamkumbatia, na hakumwachia haraka.

Mzee mmoja wa kanisa, mwenye ndevu, akakohoa. Watu wakamgeukia. "Shemasi Odipo. Ulikuwa unampigia nani ngoma?"

"Marehemu," Odipo akasema, akihema.

"Na marehemu akainuka."

"Akainuka, mzee."

Yule mzee akajikuna ndevu. "Hilo halijatajwa katika kanuni zetu," akasema mwishowe. "Wekeni chakula."

Unga ule wa matanga ukawa ugali kama mlima, na omena na sukuma wiki, chai ya sukari ya Toi na Mashimoni. Nilijaribu kumrudishia mama mmoja majani yake ya chai. Alinisukuma mkono. Alisema yeye alileta kwa ajili ya Radi, na si Radi huyo hapo anakula? Kuku tu ndiye aliyebaki hai, kwa sababu Kamaa alikuwa ameshampa jina.

Stesheni

Jumapili baada ya ibada tulimsindikiza Mzee Radi mpaka stesheni ya Kibera, umati uleule, nyimbo zilezile ila sasa zina makofi. Spika ilibaki kwa Odipo. Imewekwa kanisani, chini ya dirisha, na nasikia wameshaanza kuikalia.

Mzee aliingia na sanduku moja dogo na gitaa. Akatoa kichwa dirishani. Odipo akamwendea upande wa kushoto, akasema kitu kirefu. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa. Treni ilipoanza kusogea ndipo alipopaza sauti, "Sijasikia hata neno moja!" na Odipo akacheka, akawa anakimbia pembeni ya behewa na kanzu yake nyeupe, akigonga ubavu wa behewa kwa viganja, mpaka jukwaa likamwishia.

Mimi Mzee aliniambia neno moja tu, alipokuwa anapanda. "Mkanda uko salama?"

"Uko salama."

Nililala tena kwa Mama Akelo, ndiyo sababu hamkuniona Jumatatu asubuhi. Kuna jambo lilinikatalia usingizi. Watu wa sauti, Njuguna alinifunza, wana desturi yao: ukimaliza kurekodi mahali, unarekodi pia mahali penyewe, bila mtu kusema kitu, dakika kama moja hivi, kwa sababu hakuna kimya kinachofanana na kingine. Lakini Jumamosi nani angenyamaza?

Kwa hivyo Jumatatu, Mama Akelo alipokwenda kupanga omena na Odipo amekwenda kazini, nilitoka uani peke yangu. Jua lilikuwa limeanza kukausha tope. Ilikuwa imebaki sehemu ndogo ya mkanda. Nikasimama pale jeneza liliponguruma, nikabonyeza, nikainua maikrofoni juu, nikafunga macho. Maji yalikuwa yanadondoka mahali. Nguo zilipigwa na upepo. Mbali, mtu alikuwa anafagia.

Nikashika pumzi mpaka mkanda ukaisha.